Kikata paipu za shaba: kipi ununue ukiwa fundi wa AC Unguja au Pemba

Kaskazi ikishaanza kuvuma, simu ya fundi wa AC hainyamazi tena, kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. Kila msimu kama huu nakutana na vijana wapya wana geji nzuri, wana pampu ya vakyumu ya kukopa, lakini ukiwauliza wanakatia nini paipu, wanakuonyesha kidude kilichookotwa chini ya boksi, kisu kimeliwa na kutu. Au mbaya zaidi, msumeno wa chuma.

Mimi nao nilianza na msumeno. Nilifunga AC katika nyumba moja ya wageni Jambiani, paipu ya robo na ya nusu inchi, nikakata kwa msumeno, nikapiga tupa kidogo, nikatengeneza fleari (mdomo wa paipu unaotanuliwa kama tarumbeta ili nati iubane), nikafunga nati kwa nguvu zangu zote. Siku hiyo chumba kilipoa kama Ulaya. Wiki ya tatu mwenye nyumba akanipigia: "Fundi, hii AC yako inapuliza upepo wa feni tu." Nikaenda, nikapaka povu la sabuni kwenye nati, na povu likaanza kuota vipovu vidogo vidogo kama uji unaochemka. Nilipofungua, mdomo wa fleari ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pale pale msumeno ulipoacha jino. Gesi nilirudisha kwa pesa yangu.

Fleari unayoitengeneza kwa pembe ya digrii 45 haiwi nzuri kuliko mkato ulioanza nao. Mkato ukiwa mshazari, upande mmoja wa fleari unakuwa mpana na mwingine mfupi. Mdomo ukiwa na makali ya ndani, fleari inapasuka. Vumbi la msumeno nalo haliendi popote, linabaki ndani ya paipu, na AC ikiwaka linasukumwa mpaka kwenye vali au kapilari (kile kijipaipu chembamba cha kupitishia gesi), au linarudi kwenye kompresa. Zamani tulipokuwa na gesi ya R22 peke yake makosa kama haya yalisameheka kidogo. Sasa R22 inaondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, na mashine tunazofunga ni za gesi ya R410A na R32, ambazo presha yake ni kama mara 1.6 ya ile ya R22. Hizi hazisamehe fundi.

Basi nikupangie, kuanzia ninachokiamini zaidi.

Cha kwanza: kikata cha skrubu cha ukubwa wa kati, milimita 3 mpaka 28 au karibu na hapo

Ukinunua kimoja tu, nunua hiki. Kinashika kila paipu utakayokutana nayo kwenye spliti (AC za mashine mbili, ya ndani na ya nje) za majumbani: robo inchi (milimita 6.35), tatu kwa nane (9.52), nusu (12.7) na tano kwa nane (15.88). Hata ukiitwa hotelini kwenye paipu ya inchi moja, bado kinatosha. Ridgid 101 ni mfano wa aina hii, inaanzia robo inchi. Zipo na za majina mengine za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri kabisa, ukijua cha kuangalia.

Angalia vitu vitatu. Rola, vile vigurudumu vinavyobeba paipu mkabala na kisu, ziwe na mfereji katikati, maana fleari iliyopasuka unaiweka mdomo wake ndani ya mfereji, unakata karibu kabisa na ncha, hupotezi shaba. Ukutani pale paipu imebaki sentimita nne tu, mfereji huo ndio utakaokuokoa usichomelee kiungo. Pili, kiwe na kisu cha pembetatu cha kukwangulia mdomo, kilichokunjwa mgongoni. Tatu, na hili muuzaji hatakwambia: kisu cha duara kibadilike, na visu vya akiba vipatikane. Tundu la kisu na pini yake havilingani kwa kila aina, kwa hiyo kikata kizuri kisicho na visu dukani baada ya mwaka ni uzito wa bure mfukoni.

Muuzaji akikwambia "Hii orijino, sheikh, chukua tu," mwambie ahsante, kisha mjaribishie hapo hapo. Mimi nikienda Darajani au Mlandege natia mfukoni kipande cha paipu ya nusu inchi, kirefu kama kiganja. Nakibana kisu mpaka kiguse tu, kisha nazungusha mara moja bila kukaza. Halafu naangalia mstari. Mstari ukirudi ukakutana na pale ulipoanzia, kikata kimenyooka. Ukiona mstari wa pili umepita pembeni, unakwenda kama nyuzi za skrubu, kirudishe kwa adabu hata kama kinang'aa kama kikombe cha fedha. Rola zake hazijakaa sawa na kisu, na hakuna ufundi wa mkono utakaorekebisha hilo. Shika na kile kisu utingishe kwa ukucha. Kikicheza kushoto na kulia, ni hivyo hivyo. Jaribio zima halichukui dakika mbili, na muuzaji mwenye mali nzuri hakasiriki.

Cha pili: kidogo cha kiganjani, milimita 3 mpaka 16

Hiki ni ndugu yake, hakishindani naye. Ridgid 103 na Minicut ya Rothenberger ya 3–16 ni za kundi hili. Kinaingia pale mkono mzima hauingii, na Mji Mkongwe unaujua mwenyewe: mashine ya nje imebanwa baina ya ukuta wa mawe na dirisha la jirani, paipu imeegemea chokaa, unakata kwa vidole viwili huku umeshikilia ngazi kwa goti. Kikata kikubwa hapo hakizunguki. Ubaya wake ni kwamba kitufe cha kukazia ni kidogo, jasho likitoka vidole vinateleza, na ukikata paipu 20 kwa siku utalala unaumwa na kidole gumba. Ndio maana nimekiweka cha pili. Mwenye pesa anunue vyote viwili, aache kitu kingine.

Cha tatu: cha kishikio cha rachet

Unakisukuma mbele na nyuma badala ya kukizungusha. Ni raha kubwa kwenye kona, lakini ni ghali, na rachet yake ikila chumvi ya pwani inakwama. Anayefanya matengenezo ya hoteli za Kiwengwa au Paje kila siku kitamlipa. Fundi wa mtaani, bado.

Zile za duara za saizi moja moja, zinazovishwa kwenye paipu kama bangili, waachie mafundi bomba. Wewe una saizi nne, utanunua nne?

Cha mwisho: boksi la vitu vyote

Kikata, kifaa cha fleari, springi za kukunjia, vyote ndani ya boksi jekundu kwa bei ya kutamanisha. Nimelinunua, najua. Kifaa cha fleari huenda ukakitumia, lakini kikata cha ndani mara nyingi ndicho kile ambacho mstari wake haurudi ulipoanzia. Mwanagenzi akijifunzia nacho anadhani mkono wake ndio mbovu, masikini, kumbe ni chombo.

Msumeno sijaupanga hata mwisho.

Ukishakipata kizuri, usikiue kwa haraka. Mzunguko mmoja, kaza robo tu ya kitufe, mzunguko mwingine, robo tena. Ukikaza sana paipu inabonyea, mdomo unafanya ukingo mnene kwa ndani, na kwenye paipu nyembamba isiyofika ukuta wa milimita 0.8 unatoka umbo la yai. Ukikwangua mdomo, uelekeze chini ili vipande vianguke sakafuni, visiingie ndani, kisha ziba paipu kwa kizibo au tepu. Mafuta ya mashine za siku hizi yananyonya unyevu, na unyevu kwetu haujawahi kuadimika.

Kikata hicho hicho kitakufunulia na paipu ya uongo. Shaba imepanda bei, kwa hiyo zipo za alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kisu kikizama kirahisi mno, kwangua kidogo: ndani ikiwa nyeupe, umeuziwa alumini.

Mwili wa kikata mara nyingi ni aloi (mchanganyiko wa metali) isiyoshika kutu. Kinachokufa ni pini za chuma za rola na kisu. Jioni futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, usikitupe ndani ya mfuko uliolowa. Na nyinyi wa Pemba, mkivuka kuja Unguja au Dar kununua kikata, ondokeni na visu viwili vya akiba vya aina hiyo hiyo, mvijaribu kwenye pini kabla hamjatoka dukani. Kufika Wete ukagundua tundu halilingani ni nauli nyingine ya boti.