Amotisa mpya kwenye Corolla ya zamani: uzoefu wangu hapa Goma

Nimebadilisha amotisa (shokapu) zote nne za Toyota Corolla yangu ya mwaka 1998. Nimeendesha nazo kiangazi chote na sasa mvua zimerudi, kwa hiyo naweza kuzisemea. Mwenye haraka achukue hili: nunua mpya, badilisha pamoja na kupeli (raba zinazoshika amotisa juu), na kazi umpe fundi mwenye chombo halisi cha kubana springi. Mengine ni maelezo, lakini kwenye hayo maelezo ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Gari langu ni la kazi. Nachukua mayai kwa wafugaji wa upande wa Mugunga na kuyasambaza madukani Katindo, Himbi na Birere. Barabara ya Sake ina lami, ila wafugaji hawaishi kwenye lami. Ukikata kona kuingia mitaani unakutana na lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoganda, na jiwe hilo lina meno. Hata katikati ya mji, pale lava ya Januari 2002 ilipopita hadi ziwani, watu walijenga upya juu yake na magari yanapita juu yake. Gurudumu linapanda na kushuka bila kupumzika, na kila kutikisika kunaishia kwenye amotisa.

Wengi hudhani amotisa ndiyo inayobeba gari. Inayobeba ni springi. Amotisa kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka: ndani yake kuna pistoni inayotembea kwenye mafuta, mafuta yanabanwa yapite kwenye vitundu na vali ndogo, na ile nguvu ya mrusho inageuka joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye njia mbaya ukaigusa amotisa nzima, inakuwa na moto. Fundi wangu alinionyesha jambo hilo kabla hata hajafungua boliti. Tulikuwa tumetoka kuzunguka mitaa ya Ndosho, akapiga magoti, akagusa ya nyuma kushoto, akagusa ya kulia, kisha akaniambia, "Mama, weka mkono." Ya kushoto ilikuwa na joto. Ya kulia ilikuwa baridi kabisa, na kuanzia katikati kwenda chini ilikuwa imelowa mafuta yaliyoshikana na vumbi letu jeusi mpaka yakawa uji mzito. "Hii inashukaka tu," akasema, "kutuliza haiwezi tena."

Dalili nilikuwa nimeziona muda mrefu. Nikifunga breki kwenye mteremko, pua ya gari ilikuwa inainama na mkia unanyanyuka. Kwenye kona gari lililala upande. Tairi za nyuma zilikuwa zimelika kwa mabonde, sehemu imeisha na sehemu bado ina meno, na hiyo ni alama ya gurudumu linalorukaruka badala ya kukaa chini. Nilipokandamiza boneti kwa nguvu na kuachia, mbele ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka tena. Gari lenye amotisa nzima linapanda mara moja na kutulia. Na kulikuwa na mayai: trei za chini kabisa, zile zinazokaa juu ya gurudumu la nyuma kulia, ndizo zilizokuwa zikifika zimepasuka.

Sasa niseme kuhusu zile nilizozitoa, kwa sababu jambo hili linaniuma. Zilikuwa okazyo, zile zinazong'olewa kwenye magari ya nje na kuletwa hapa kwa marobota. Niliuziwa kama nzima, dola 25 moja, zimeoshwa na kupakwa rangi nyeusi inayong'aa. Duka silitaji. Kabla msimu wa mvua haujaisha mbili zilikuwa zinavuja, na nilipozirudisha niliambiwa okazyo haina garanti. Mtu anayepaka rangi amotisa iliyokufa anajua anachoficha. Amotisa mbovu inaongeza umbali wa kusimama, hasa kwenye barabara yenye mabonde, kwa sababu tairi isiyogusa chini haifungi breki. Na mteja anayeuziwa hiyo ana watoto kwenye kiti cha nyuma.

Kama huna uwezo ila wa okazyo, basi usiangalie rangi. Angalia fimbo ya pistoni: iwe inang'aa, bila mkwaruzo wala doa la kutu, maana kila mkwaruzo unakata sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke. Isimamishe wima, isukume mpaka mwisho, ivute. Uzito uwe ule ule njia nzima. Ukikuta mahali mkono unateleza bure, iache. Ya gesi ukiiachia inapanda yenyewe polepole. Ya mafuta matupu haipandi, na hiyo si ubovu. Ila kwenye mawe yetu mimi sirudii tena okazyo kwa kifaa hiki. Injini ya okazyo nitanunua, mlango nitanunua, amotisa hapana.

Nilinunua KYB, kampuni ya Japani ambayo Watanzania na Wakenya wengi nao wanaijua, toleo la gesi. Mbele dola 65 moja, nyuma dola 55 moja, Birere. Kuna magari mengi yanayoitwa Corolla na hayafanani chini. Langu ni la modeli ya AE110, la kuvuta magurudumu mawili; AE114 huvuta yote manne na amotisa zake ni nyingine. Kwa hiyo usiende dukani na neno "Corolla" peke yake. Piga picha kibao cha namba ya chesi kilicho ndani ya boneti, uende nayo. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa mbili za mbele zenye namba moja. "Mama, kushoto na kulia ni sawa tu." Si sawa. Za mbele zina kishikio cha bomba la breki, na kishikio cha kushoto hakikai kulia. Ukilazimisha, bomba linasuguana na tairi. Linganisha namba ya kwenye boksi na namba iliyo kwenye mwili wa amotisa yenyewe, kwa sababu boksi zuri linaweza kuwekwa kitu chochote.

Kupeli ndizo watu wengi wanazoacha ili kuokoa pesa. Ni ile raba nene yenye chuma inayoshika amotisa juu, na za mbele hukaa na beringi ili usukani ukizunguka springi nayo izunguke. Zangu za mbele zilikuwa zimepasuka mpaka unaona chuma. Ukifunga amotisa mpya kwenye kupeli iliyooza, gari litaendelea kugonga "ko, ko" na utalaumu amotisa. Na kwa sababu kwenye Corolla hii mbele na nyuma springi imevaa juu ya amotisa, kuja kubadilisha kupeli baadaye ni kulipa kazi ile ile mara ya pili. Nne zilinitoka dola 60. Nikaongeza sufle, vile vifuniko vya raba vinavyozuia vumbi, na raba za kuzuia kugonga, dola 20 kwa zote. Kwa mji wenye vumbi la volkano sufle si urembo: chembe zake zinakwangua fimbo na kula sili.

Kazi yenyewe ndiyo sehemu niliyoisimamia kwa macho yangu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kumuua mtu ikiponyoka. Nimewahi kuona vijana wakiifunga kwa waya na kamba ya pikipiki, mmoja ameikalia, mwingine anafungua nati ya juu. Garaji hiyo niliiaga pale pale. Huyu mzee wa Ndosho ana vibano viwili vya skrubu, vyenye kulabu nzito, akaviweka pande mbili zinazotazamana, akakaza kimoja kidogo, kingine kidogo, mpaka springi ikaachia kupeli na kuanza kucheza. Hapo ndipo alipogusa nati. Na hakumruhusu mtu yeyote kusimama upande wa juu.

Mambo mengine mawili aliyafanya ambayo kwangu yalitofautisha fundi na mfunguaji wa boliti. Kabla ya kufunga alizisimamisha amotisa mpya wima, akazisukuma na kuzivuta taratibu mara kadhaa hadi mwisho wa fimbo. Nilimuuliza, "Papa, unazijaribu?" Akasema anatoa hewa: zikilazwa dukani na kwenye lori, hewa huingia mahali pa mafuta, na ukizifunga hivyo zitapiga kelele siku za kwanza. La pili, alipokaza nati ya juu hakushika fimbo kwa koleo. Aliishika kwa spana kwenye ncha yake ya juu, pale ilipochongwa bapa. Koleo linaacha alama kwenye fimbo, na alama hiyo inakwenda kukata sili ya kitu ulichokinunua asubuhi hiyo hiyo.

Malipo ya kazi yalikuwa dola 40 kwa zote nne. Siku iliyofuata nilipeleka gari kulinganisha magurudumu, paralelismu, dola 15. Usiiruke. Amotisa ya mbele imefungwa kwenye kitovu cha gurudumu kwa boliti mbili, na ukizifungua tu, mlalo wa gurudumu umeshabadilika. Jumla yote ilifika dola 375. Kwa gari la umri huu ni pesa nyingi, najua, na nililipa kwa kukusanya.

Gari limekuwaje? Breki ndiyo nilisikia kwanza. Kuteremka kuelekea ziwani asubuhi yenye mvua, nafunga na gari linakaa palepale, pua haizami. Kwenye mabonde ya mfululizo usukani haunitoki mkononi. Dada ya mume wangu, anayepanda nami kwenda sokoni na mgongo wake una shida, aliuliza kama nimebadilisha gari. Mayai yanayopasuka sasa ni machache mno, mpaka mwenye duka mmoja wa Himbi ameacha kuhesabu mbele yangu.

Haikuwa raha tupu. Kwenye kokoto ndogo gari limekuwa gumu kuliko nilivyozoea. Amotisa za gesi ndivyo zilivyo, na aliyezoea gari linaloelea atashtuka. Mlio mmoja wa kugonga mbele kushoto pia ulibaki. Ilikuwa bieleti ya stabiliza (kifimbo kinachoshika chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona), wala si amotisa, dola 10, na fundi aliibadilisha bila kunidai ufundi. Aliniita pia baada ya wiki chache akaze tena boliti zote, nayo ilikuwa bure.

Walioniuliza kama waanze na mbili, jibu langu ni ndiyo, mradi ziwe jozi: mbili za mbele au mbili za nyuma, kamwe moja peke yake, kwa sababu upande mmoja utashika na mwingine utaruka. Anayetembea kwenye lami tu, kutoka Himbi hadi kazini, aanze na za mbele. Anayebeba mzigo au kuingia Ndosho na Mugunga kila siku, zote nne. Kama gari limelala chini nyuma hata likiwa tupu, tazama springi kwanza, maana amotisa haiinui gari. Na kama bushi (raba) za mikono ya chini inayoshika magurudumu zimekwisha, zibadilishe kabla ya paralelismu, ama hizo dola 15 utazilipa tena.