Vidani vya dhahabu vya Kigiriki: kipi kitangulie, kipi kisubiri

Kidani changu cha kwanza cha Kigiriki nilikinunua Plaka, ile mitaa ya zamani chini ya Akropoli, Athens. Kilikuwa bundi, kipana, kinang'aa, bei nafuu kuliko nilivyotarajia. Miezi minane baadaye kikabonyea nikiwa nimembeba mtoto. Sonara wa Kariakoo alikitia kwenye mizani, akakigonga kwa ukucha, akaniambia: "Dada, hiki kina uvungu." Tangu siku hiyo kila kidani nakiuliza swali moja: katika pesa ninayotoa, kiasi gani ni dhahabu na kiasi gani ni ujira wa fundi, na je, kazi yenyewe inastahili ujira huo? Mpangilio ninaoutoa hapa umetokana na swali hilo.

Kwanza karati, kipimo cha usafi wa dhahabu, maana hapo ndipo watu wetu wengi wanaposhtuka. Maduka ya Ugiriki huuza zaidi karati 14, yenye alama 585 (sehemu 585 za dhahabu safi katika 1000), na karati 18, yenye alama 750. Pwani yetu, na kwa ndugu zetu wa Muscat na Dubai, tumezoea 21 na 22, yaani 875 na 916. Kidani cha gramu 5 cha karati 14 kina dhahabu safi gramu 2.9 tu; cha karati 18 kina 3.75, cha karati 22 kinakaribia 4.6. Karati 14 si dhahabu bandia. Ni ngumu, haikwaruziki upesi, na inashika michoro midogo vizuri. Ila usiilipie kama 22, na usitegemee kuiuza kama 22. Ukiona 925, hiyo ni fedha iliyochovywa dhahabu, hata muuzaji aitaje kwa jina gani.

Ninachokiweka mbele ya vyote ni fundo la Herakles, shujaa wa hadithi za Kigiriki. Ni vitanzi viwili vya kamba vilivyoingiliana, lile fundo ambalo mabaharia hulifunga kushoto juu ya kulia, kisha kulia juu ya kushoto. Baada ya zama za Aleksanda Mkuu lilienea sana kwenye vito vya Wagiriki: mikufu, vikuku, mataji, mara nyingi likiwa na ganeti nyekundu katikati, jiwe ambalo nasi tunalichimba Umba, mkoani Tanga. Kwa Warumi, mkanda wa bibi arusi ulifungwa kwa fundo hili na mume ndiye aliyeufungua. Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba jeraha likifungwa kwa fundo hilo hupona haraka. Kwa zawadi ya harusi sijaona mchoro wenye maana nzuri zaidi.

Lakini sababu yangu kubwa ni ya kisonara. Fundo ni waya mnene wa dhahabu uliopindwa. Halihitaji uvungu, halina ncha ya kunasa kwenye mtandio, na sonara mzuri wa Mombasa au Zanzibar anaweza kukutengenezea kwa karati 21 au 22 ukimwonyesha picha. Pesa yako karibu yote inabaki kuwa dhahabu. Tena halina sura ya kiumbe, jambo ambalo Waislamu wengi tunalizingatia. Angalia tu kwamba kamba zinapitana kweli, moja juu na nyingine chini. Yapo yaliyomiminwa kwenye kalibu yakawa bapa kama biskuti, nyuma hamna kitu.

Anayefuata ni bundi, pamoja na yote yaliyonipata. Ametoka kwenye drakma nne za Athens, sarafu ya fedha ya karne ya 5 KK yenye uzito wa gramu 17 na ushei: upande mmoja Athena, mungu wao wa kike wa hekima, upande wa pili bundi mwenye macho makubwa, mwili ubavu lakini uso unakutazama wewe. Nyuma yake pana tawi la mzeituni na mwezi mwandamo, mbele herufi ΑΘΕ. Kidani kikikosa kimoja kati ya hivyo, aliyekichonga hakuiangalia sarafu. Pima na uzito. Kwa kuwa dhahabu ni nzito kuliko fedha, sarafu ya ukubwa huohuo kwa karati 18 ingekaribia gramu 25. Ukipewa ya ukubwa huo yenye gramu 5, ama ni bati jembamba ama ina uvungu kama yangu. Heri bundi mdogo aliyeshiba.

Jambo jingine, na hili si dogo: Wagiriki walimheshimu bundi kama ndege wa Athena, lakini kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Usimpelekee mama mkwe bila kumsoma kwanza. Na mtu akikunong'oneza kwamba kidani chake kina sarafu halisi iliyofukuliwa, ondoka. Sheria ya Ugiriki namba 3028 ya mwaka 2002 inalinda mali za kale, na kuzitoa nchini bila kibali ni kosa.

Nyuki wa Malia nimewaweka nafasi ya tatu huku roho ikiniuma, kwa sababu kwa uzuri hawana mpinzani. Kidani chenyewe kilifukuliwa Malia, kisiwani Krete, mwaka 1930, kina umri wa miaka zaidi ya 3,600, na kipo Makumbusho ya Akiolojia ya Heraklion: nyuki wawili wameinamiana juu ya sega la duara, kati yao tone kama la asali, chini visahani vitatu vinaning'inia. Sega limejazwa chembe za dhahabu ndogo mno, zimeshikamanishwa moja moja bila lehemu kuonekana. Nakala nzuri hurudia kazi hiyo kwa mkono, na hapo unalipia wiki za macho ya fundi. Nakala mbaya humiminwa, chembe zikayeyukiana kama uji. Omba lenzi ya sonara uangalie: kila chembe iwe na kivuli chake. Ukiipata, inunue kama unavyonunua sanaa, ukijua kwamba siku ya kuuza sonara atapima gramu tu. Na uivae siku za shughuli. Mabawa na visahani hivyo havipatani na mtoto wa miezi kumi.

Jua la Vergina, lenye miale 16, limetoka kwenye kifuniko cha sanduku la dhahabu alilolifukua mwanaakiolojia Manolis Andronikos mwaka 1977 huko Vergina, kaskazini mwa Ugiriki, katika kaburi linalodhaniwa kuwa la Filipo, baba yake Aleksanda. Kwa kidani cha kila siku ni zuri: bapa, imara, halina sura. Lakini ni alama iliyogombaniwa kati ya Ugiriki na Makedonia Kaskazini hadi mkataba wa Prespa wa 2018, kwa hiyo ukilivaa huko tegemea maswali.

Meandro, ule mstari unaojikunja kwa pembe mraba, upate kama pindo la kidani kingine. Peke yake mara nyingi ni bati lililokatwa kwa mashine. Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele, simpendekezi isipokuwa umemtaka hasa. Uso wake uliwekwa kwenye ngao ili kumtisha adui, na ukichongwa hovyo unatisha kweli.

Jicho la bluu, lile la kukinga husuda, ndilo la mwisho kwangu, ingawa ndilo linalouzwa kuliko yote. Wagiriki wa kale walichora macho kwenye vikombe na kwenye omo za merikebu, kama mitepe ya Lamu ilivyokuwa na macho yake. Lakini hilo la glasi ya bluu ni la Bahari ya Kati nzima, na kioo hakiongezi thamani kwenye mizani. Mwambie muuzaji akupimie dhahabu bila kioo.

Kabla ya kulipa, geuza kidani utazame kipete cha kupitishia mkufu. Kiwe kimelehemiwa hadi kikafunga, na kiwe kipana vya kutosha kupitisha kifungo cha mkufu ulio nao nyumbani. Mimi sasa huenda dukani nimeuvaa mkufu wangu.