Idjwi na papa: bato, auberge na sambaza, nawaambia vile tuliona

Ninaandika hii kwa wale wa Bukavu wenye wazazi wazee, wale wanasemaga kila siku "nitamtembeza papa, nitamtembeza maman" na mwaka unaisha hivyo hivyo. Mimi na papa tumetoka Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, tulilala kwenye auberge moja ndogo upande wa kusini, kwenye chefferie ya Ntambuka, juu kidogo ya mahali bato zinasimamaga, na kwa mzee ni pazuri kabisa, ila kuna mambo mawili matatu lazima wayarekebishe.

Kwanza kisiwa chenyewe. Wengi wetu tunakipitaga tu tukiwa kwenye bato ya Goma tunafikiri ni kilima ndani ya maji, kumbe kutoka ncha hadi ncha ni kama kilometa 40, na katika visiwa vya maziwa ya Afrika wanakihesabu cha pili nyuma ya Ukerewe ya Tanzania. Kwa hiyo ukiwa na mzazi usitake kukimaliza chote. Kaskazini ni chefferie ya Rubenga, kule Bugarula, makao makuu ya kisiwa, iko, ni mbali na barabara ni udongo mtupu, ikinyesha hata moto (pikipiki) inapata shida. Chagua upande mmoja ukae hapo, mzee apumue.

Bato sasa. Tulichukua ile ya mbao ya moteri, asubuhi mapema, maana asubuhi Kivu inakuwaga imetulia na mchana upepo unaamka mawimbi yanaanza kupiga. Safari yenyewe nzuri, hatukukimbizwa, papa alikaa upande wa kivuli akiangalia vilima vinapita. Lakini gile, zile za kuvaa ili usizame! Walituambia kila mtu ataipata, tukifika tunakuta hazitoshi, na mwenye bato anajibu "tutafika tu". Hapana. Ziwa hili kwenda chini linakaribia mita 480, si la kujaribia. Abiria tukakataa pamoja, tukasema bato haitoki, wakaenda kuomba zingine kwa jirani na zikapatikana, maana yake zilikuwepo tangu mwanzo. Ukienda na mzazi wako, gile kwanza mwilini, franka baadaye.

Kwenye auberge ndipo walinishika moyo. Ukifika kwenye kivuko wanaweka ubao mwembamba kati ya bato na mawe, na mzee wa magoti kama papa anaweza kukata tamaa hapo hapo. Kijana wa auberge alishuka mwenyewe mpaka kwenye maji, hakumbeba papa kama mzigo, alimpa mkono akamuuliza, "Papa, tuanze na mguu gani?" Wakapanda polepole, wakisimama kila papa akitaka kusimama, na kijana hakuangalia simu hata mara moja. Papa alimsemesha Mashi, yeye anajibu Kihavu, na walielewana mpaka juu.

Chakula nitakizungumzia kwa urefu kwa sababu ndicho kilifanya papa aseme turudi tena. Mama wa jikoni alimletea kiti karibu na mbabula. Sambaza, zile samaki ndogo za Kivu, zilikuwa za asubuhi ile, bado zinang'aa, akaziosha akazimwaga kwenye kitunga zichuje maji kabisa, chumvi, halafu kwenye mafuta ya moto anatia konzi moja moja tu, hajazi sufuria, anangoja zikauke ndio anatia zingine. Anasema ukitia nyingi pamoja mafuta yanapoa na samaki zinalegea. Zikatoka zinavunjika mdomoni na kichwa chake, na ndimu, na pilipili aliyoiponda na chumvi, na bugali ya muhogo, na sombe (majani ya muhogo) pembeni. Papa alikulia Uvira, kwa hiyo kwake samaki ndogo ni ndagala za Tanganyika na hakuna mtu wa kumbishia. Akamueleza yule mama kwamba sambaza hazikuwa kwenye Kivu zamani, zililetwa kutoka Tanganyika kuelekea 1960 wakati wa Wabelgiji. "Hawa ni watoto wetu wa Uvira," akasema, na alimaliza sahani, papa ambaye nyumbani tunamsihi ale.

Nanasi za Idjwi sina haja ya kuzisifu, Bukavu zinafika. Tofauti ni kwamba kule unakula iliyoivia shambani. Kasiksi, pombe ya ndizi, nayo ipo, papa alionja kidogo kwa heshima ya waliomkaribisha.

Lakini jamani, kahawa. Asubuhi ya kwanza walituletea ya kopo, ile ya unga wa kuchanganya na maji! Kisiwa kizima kimejaa mibuni, arabika nzuri inayosafiri mpaka ng'ambo, na mgeni anapewa ya kopo kwa sababu wanafikiri ndiyo ya heshima. Hii iliniuma kweli. Tukauliza kwa upole, wakaenda kutafuta kwa jirani, mama akaikaanga kwenye sufuria kuukuu, akaitwanga, harufu ikajaa uwanja mzima. Wekeni hiyo kila asubuhi, na mlipishe zaidi, tutalipa.

Kuona mambo, tulichukua moto mbili na tukapatana waende taratibu. Kutoka juu, upande mmoja unaona Rwanda, upande mwingine milima ya Kalehe ambako jua linazamia. Papa alisimama sana pale juu. Alikumbuka vita vya 1996 na vya 1998, jinsi Bukavu ilivyokuwa inakimbia huku na huku, na watu waliovuka kuja Idjwi kwa sababu hapa risasi hazikulia kama kule. Sikuwahi kumsikia akiongea hayo kwa utulivu hivyo. Nilimwacha aongee, na mwenye moto naye akazima moteri akasikiliza.

Usiku wavuvi wa sambaza wanatoka na taa, pirogi tatu zimefungwa pamoja na miti mirefu, wanapiga kasia wakiimba ili mikono iende sawa. Omba chumba cha upande wa ziwa utawasikia ukiwa kitandani.

Vyumba ni safi, neti nzima, maji ya moto wanakuletea kwenye ndoo ukiomba. Umeme ni wa sola, jaza simu mchana. Choo ndiyo shida ya pili: kipo nje, na njia yake ina ngazi za mawe bila cha kushikilia, usiku kwa mzee ni hatari, tuliwaambia waweke hata mti mmoja tu wa kushika na mwenye auberge alisema ataweka. Kabla ya kwenda piga simu uulize kama umewekwa, omba chumba cha chini, na beba franka ndogo ndogo, maana kwa dola chenji inasumbua.