Pawatila ya Mkanda au ya Gia Tupu: Ipi Inafaa Shamba Lako

Mkulima anayeingia dukani kununua pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, huulizia kwanza nguvu za farasi, kisha bei, na mara nyingi huondoka na mashine bila kuuliza jambo litakaloamua gharama zake kwa misimu inayofuata, yaani namna nguvu ya injini inavyofika kwenye giaboksi. Zipo zinazopitisha nguvu hiyo kwa mikanda ya mpira, na zipo ambazo injini imefungwa moja kwa moja kwenye giaboksi, gia kwa gia. Kwa maoni yangu, mkulima wa mpunga, pamoja na yeyote anayetaka injini yake ifanye kazi zaidi ya moja, achague mkanda. Na mwenye bustani, shamba la migomba au la mteremko achague gia tupu, mradi spea zake zipatikane karibu naye.

Iondolewe kwanza dhana iliyozagaa kwamba pawatila ya mkanda haina gia. Dongfeng DF-12 ya China, ambayo ni mfano mzuri wa aina hiyo, ina gia sita za kwenda mbele na mbili za kurudi nyuma, na gia hizo zinaogelea ndani ya oili kama za mashine nyingine yoyote. Tofauti iko katika kipande kifupi kati ya injini na giaboksi. Katika kipande hicho jozi ya gia hupoteza nguvu kidogo sana, kiasi cha asilimia 2 au 3, ilhali mikanda mipya iliyokazwa sawasawa hupoteza karibu asilimia 5, na iliyolegea hupoteza zaidi. Ukiishia hapo, gia ndiyo mshindi. Hesabu hugeuka pale visu vya rotaveta, kifaa chenye visu vinavyozunguka kukata udongo, vinapogonga kisiki au jiwe lililofukiwa: mkanda huteleza kwa nukta chache, ukapiga kelele, ukatoa harufu ya mpira, na pigo likaishia hapo, ilhali kwenye gia tupu pigo hilo husafiri kutoka kwenye kisu hadi kwenye ekseli, pinyoni (gia ndogo inayosukuma gia kubwa) na shafti ya injini. Mkanda ulioungua hubadilishwa shambani kwa spana mbili. Pinyoni iliyovunjika meno inataka giaboksi ifunguliwe mezani kwa fundi, tena katika wiki ambazo mvua haimsubiri mtu. Kwa kuzingatia hayo, nimezipanga aina nne za pawatila kwa nafasi.

Nafasi ya kwanza: mkanda, dizeli ya silinda moja, nguvu za farasi 12 hadi 15

Hizi ndizo pawatila kubwa zenye injini iliyolala mbele, inayopozwa kwa maji na kuwashwa kwa hendeli, ingawa nyingine zina stata. Injini ya S195, inayofungwa kwenye nyingi kati ya hizo, hutoa nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2,000 tu kwa dakika, na mwendo huo wa taratibu ni sababu mojawapo ya kudumu kwake. VST Shakti 130 DI ya India, yenye nguvu za farasi 13, ni ya aina hiyohiyo. Mashine nzima ya aina hii huwa na zaidi ya kilo 300, na ukiivika magurudumu ya chuma ndani ya jaruba la mpunga uzito huo huifanya ishike chini badala ya kurukaruka, ikavuruga tope kwa upana wa takriban sentimita 60 kila inapopita.

Sababu kubwa ya kuiweka juu ni kwamba injini yake si mtumwa wa giaboksi. Ukilegeza boliti za kitako na kuvua mikanda, unabaki na injini yenye puli (gurudumu lenye mfereji wa mkanda) kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inayoweza kusukuma pampu ya maji wakati wa kiangazi, mashine ya kukoboa mpunga baada ya mavuno, au kinu cha kusaga mahindi. Na kwa kuchagua puli ndogo au kubwa unapata mwendo unaotakiwa na kila mashine. Kwa kaya inayolima ekari chache, chombo kinachofanya kazi mwezi mmoja kwa mwaka ni mzigo, na mkanda ndio unaokiwezesha kufanya kazi miezi mingine. Ongeza tela, na unabeba magunia hadi barabarani.

Udhaifu wake upo na usifichwe. Mkanda uliolowa tope huteleza, kwa hiyo usiinunue mashine ambayo kifuniko cha mikanda kimeondolewa au kimepasuka. Dizeli inayovuja kwenye paipu ya nozeli inayopuliza mafuta ndani ya injini na kudondokea mikanda huulainisha mpira hadi ukaharibika kabla ya wakati wake. Tena mikanda ya mashine moja hubadilishwa yote kwa pamoja: ukichanganya mpya mmoja na mizee miwili, mpya ndio utakaobeba kazi yote kwa kuwa ile mingine imekwisha kurefuka. Soma maandishi yaliyo mgongoni mwa mkanda. Herufi B ina maana ya upana wa milimita 17 kwa juu, herufi A milimita 13, na kwa kawaida namba inayofuata ni urefu wa ndani kwa inchi, hivyo B68 si badala ya B70 hata muuzaji akiapa. Nunua seti ya akiba siku hiyohiyo unayonunua mashine.

Nafasi ya pili: gia tupu, dizeli inayopozwa kwa upepo

Mashine hizi ndogo zina injini kama 186F ya sentimita za ujazo zaidi ya 400, iliyofungwa moja kwa moja kwenye giaboksi, na uzito wake wote mara nyingi hauzidi nusu ya ule wa pawatila kubwa. Watu wawili wanaweza kuipandisha kwenye pikapu kwa ubao. Kwa matuta ya nyanya na vitunguu, kwa shamba la migomba au kahawa ambako kugeuza pawatila kubwa ni taabu, na kwa miteremko ambako uzito wa injini iliyo mbele huvuta vibaya, ninaipendekeza bila kusita. Haina mkanda wa kukaza kila mara, hailegei kwa joto, na karibu nguvu yote hufika chini.

Cha kuchunguza ni giaboksi yenyewe. Mashine za bei ya chini huwa na kasha la alumini jembamba, na nimeona kasha la namna hiyo likipasuka mahali injini inapoungana nalo, palepale ambapo mtikisiko ni mkubwa. Shika gurudumu kwa mikono miwili ulizungushe mbele na nyuma huku gia ikiwa imeingizwa. Kulegea kidogo ni kawaida, lakini mashine mpya inayogonga kwa sauti ndani imeanza vibaya. Legeza skrubu ya kupimia oili uone rangi. Ikiwa mashine imekwisha kutumika na oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili za ekseli, yaani mipira inayozuia oili isivuje, na beringi zake hazitakaa muda mrefu. Hiyo ndiyo sababu sishauri kuzama nayo katika majaruba msimu baada ya msimu.

Nafasi ya tatu: gia tupu za Ulaya

BCS ya Italia hutengeneza trekta za magurudumu mawili zisizo na mkanda hata mmoja katika njia ya nguvu, na kwa ubora wa vyuma vyake zingestahili nafasi ya kwanza. Nimeziteremsha kwa sababu ya bei na spea. Kama upo karibu na wakala mwenye ghala la vipuri, zifikirie kwa uzito. Kama kila gia itabidi iagizwe nje, ziache.

Nafasi ya nne: petroli nyepesi yenye mkanda wa kukazwa kwa wenzo

Hapa mkanda ndio klachi: unavuta wenzo, puli ndogo inaukandamiza mkanda, mashine inatembea. Kwa bustani ya nyuma ya nyumba inatosha. Kwa shamba, mkulima hujikuta akishika wenzo nusunusu, na mkanda huungua kabla ya ekari kwisha. Zile zinazopeleka nguvu kwenye visu kwa mnyororo mwembamba usioogelea ndani ya oili sizipi nafasi yoyote.

Lipo jambo ambalo aina ya usafirishaji nguvu haiwezi kulitibu. Baada ya Kilimo Kwanza, mkakati wa serikali wa kuinua kilimo, kutangazwa nchini Tanzania mwaka 2009, pawatila nyingi zilisambazwa kupitia halmashauri, na wakulima wa maeneo yenye ardhi kavu na ngumu wakalalamika kwamba hazilimi. Zilikuwa mashine za majaruba zilizopelekwa kwenye udongo unaohitaji trekta kubwa au ng'ombe wenye plau. Ikiwa udongo wako ni ule mweusi wa mbuga unaopasuka wakati wa kiangazi, si mkanda wala gia itakayokuokoa kabla mvua haijaulainisha.

Dukani, kabla ya kulipa, nenda na uzi. Uvute ubavuni mwa puli mbili za mikanda: unapaswa kugusa kingo zote mbili za kila puli kwa wakati mmoja, na ukiacha mwanya upande mmoja, injini imefungwa ikiwa imepinda na mikanda italika ubavu. Kwa mashine iliyotumika, vua mkanda mmoja uangalie ndani ya mfereji wa puli; kama sakafu yake inang'aa, mkanda umekuwa ukikalia chini badala ya kubanwa na kuta, na puli hiyo imekwisha pamoja na mkanda wake. Kisha umtake muuzaji aijaribu mashine kwenye udongo, visu vikiwa chini na gia ya pili ikiwa imeingizwa, kwa muda wa kutosha kwa injini kupata joto, kwa sababu kuizungusha kwenye sakafu ya saruji hakuonyeshi mkanda unaoteleza wala gia inayochomoka.