Kusoma dozi ya mionzi kwenye damu: huduma ya kuhesabu daisentriki

Huduma hii ni ya siku ile beji ya dozi, kifaa kidogo kinachovaliwa kupima mionzi, ilisahauliwa kwenye droo, au imetoa namba isiyoaminika, na kuna sababu ya kweli ya kudhani mtu amepigwa na mionzi. Maabara hukuza limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu yake, na kuhesabu daisentriki, yaani kromosomu (vibeba-urithi ndani ya seli) mbili zilizokatwa kisha zikaungana vibaya, zikawa kitu kimoja chenye sentromea mbili badala ya moja; sentromea ni kile kiuno cha kromosomu. Kwa asiyepigwa mionzi hupatikana kama 1 katika seli 1,000. Kwa grei 1 (Gy, kipimo cha dozi) ya mionzi ya gama iliyoingia kwa mkupuo, hupatikana 7 hadi 10 katika seli 100. Tofauti hiyo ndiyo thamani yote ya kipimo. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu walishika seziamu-137, dutu yenye mionzi, bila kujua ni nini, tena bila beji. Kipimo hiki kilitumika kukadiria dozi zao.

Chini ya 0.1 Gy, usilipie. Kwa dozi hiyo seli 1,000 hutoa daisentriki 3 hivi, na ukihesabu 3, wastani wa kweli unaweza kuwa popote kati ya chini ya 1 na karibu 9. Aliyepigwa picha moja ya kifua akaingiwa na hofu abaki na damu yake: dozi ile ni ndogo kwa mara 1,000 au zaidi.

Kazi huweza kuharibika kabla damu haijafika maabara. Inatakiwa mililita 10 kwenye chupa ya heparini ya lithiamu, ile ya kifuniko cha kijani. Chupa ya zambarau yenye EDTA, inayozoeleka kwa kuhesabu chembe za damu, haifai, kwa sababu limfosaiti hazikui vizuri humo. Pindua chupa taratibu mara kadhaa, usiitikise. Isafirishwe kwenye nyuzi 18 hadi 24 bila barafu, na ifike ndani ya saa 24, au 48 ikishindikana kabisa. Kifurushi kisipitishwe kwenye mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege. Weka beji mpya ndani yake ili ionekane kama kilipitishwa. Ikiwa ni sehemu tu ya mwili iliyopigwa, subiri kama saa 24 kabla ya kutoa damu, ili limfosaiti zichanganyike mwilini.

Anayekuahidi majibu kesho yake anakudanganya. Ukuzaji peke yake ni saa 48: ukipunguza, hakuna seli za kutosha zilizofikia kugawanyika, ukizidisha, nyingi zinaingia mgawanyiko wa pili na karibu nusu ya daisentriki zinapotea. Uliza wanatenganishaje seli za mgawanyiko wa kwanza.

Kwenye hadubini ndipo msomaji mzuri anapojulikana. Daisentriki ya kweli huja na mwenzake, kipande kisicho na sentromea, na vyote vikihesabiwa pamoja jumla hubaki 46. Ikikosa kipande, ama seli imeshagawanyika mara ya pili, ama ni kromosomu mbili zilizolaliana na msomaji amechoka. Maabara inayohesabu bila kukagua 46 haifai hata kwa bure.

Kuna toleo la haraka la seli 50. Linatosha kuwachuja waliopata zaidi ya 1 Gy wakati majeruhi ni wengi, ila si dozi ya kuandika kwenye faili. Kwa faili, dai seli 500 au zaidi, au daisentriki 100, kipi kitangulie. Ripoti ioneshe masafa ya uhakika wa asilimia 95, yaani dozi ya chini na ya juu inayowezekana, na aina ya mionzi iliyotengenezea mkunjo wa rejea, ule mchoro unaogeuza hesabu ya daisentriki kuwa dozi. Mkunjo wa gama ya kobalti-60 ukitumiwa kwa aliyepigwa eksirei za nguvu ndogo, dozi itatoka kubwa kuliko ukweli. Ripoti yenye namba moja tupu irudishwe.

Daisentriki hupungua kadiri muda unavyopita, na nusu-uhai wake, yaani muda wa kubaki nusu, mara nyingi huchukuliwa kuwa miaka 3 hivi. Kwa tukio la zamani omba uhamisho wa vipande vya kromosomu, yaani vipande vilivyobadilishana nafasi, upimwe kwa rangi za mwangaza. Ni ghali zaidi, lakini alama zile hukaa.