Druid wangu, mbegu moja na yule kaka wa Iringa

Kama unaanza World of Warcraft Classic, ule mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, na unataka kuwa mponyaji, usichukue mhusika wa aina ya Druid. Bado nina hasira, na kisa ni kimoja: Druid hana njia ya kawaida ya kufufua watu. Priest anayo, Shaman anayo. Druid walikuja kupewa ya kwao kwenye toleo la 2008, ila sisi wa Classic tuna uchawi mmoja tu wa kufufua, Rebirth, na kila ukiutumia unakula mbegu. Mtu mmoja, mbegu moja, halafu unakaa nusu saa nzima.

Hiyo nusu saa ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa usiku, masika haya haya. Niko chumbani Uyole, blanketi mabegani, simu nimeiegesha dirishani maana ni pale tu mtandao unashika. Kwenye mchezo tuko watano Scarlet Monastery, ngome ya maadui, ndani ya kanisa lake. Tanki, yule anayekaa mbele kupokea mapigo, ni kaka mmoja wa Iringa, tunasikilizana kwa WhatsApp. Nikamwambia, "Kaka, subiri kidogo ninywe maji, mana imeisha," yaani nguvu ya uchawi. Hakusubiri. Tukamwangusha bosi Mograine, bosi mwenzake Whitemane akatoka, na kama kawaida yake akatulaza wote usingizi akamfufua mwenzake. Tanki akafa. Nikamfufua pale pale vita ikiendelea, mbegu ikaenda. Badala ya kungoja nimjaze damu, akawarukia tena. Akafa tena, na wengine wawili wakamfuata.

Mimi na Mage, mchawi wetu, tulimalizia kwa taabu. Basi kaka akaja juu: "We dada, nifufue!" Nikamweleza taratibu kwamba nusu saa haijafika, akimbie tu na mzimu wake kutoka makaburini. "Mganga gani anafufua mara moja? Nenda kachunge ng'ombe wenzako!" Kwa kuwa Druid wangu ni Tauren, mtu-ng'ombe mwenye pembe. Akanitoa kwenye kundi. Sekunde 60 zikaanza kuhesabika kwenye kioo, maiti ya Whitemane iko hatua mbili mbele yangu na siwezi hata kuipekua, kisha nikajikuta nje. Nilifunga laptopu, nikalia. Kweli nililia.

Ila tangu siku ile nawaza, yule Mage alipona kwa nini? Mtandao uliganda katikati ya vita, kioo kimesimama, nabonyeza hakuna kitu. Lakini Rejuvenation nilikuwa nimeshamwekea, nayo inarudisha damu kila sekunde 3 kwa sekunde 12, niwepo nisiwepo. Kwa bando letu na seva iliyoko Ulaya, anayesubiri aone jeraha ndipo aponye anaponya maiti. Druid anatanguliza. Kwa mtu wa Mbeya hilo ni kubwa kuliko kufufua, na nilipaswa kulisema mwanzo. Halafu kuna duma! Leveli ya 30 unageuka duma, unaikata nyika ya Barrens mbio wakati wenzako wanatembea kwa miguu mpaka wafike 40 wanunue mnyama wa kupanda.

Kwa hiyo chukueni Druid. Wangu simwachi.

Juzi yule kaka katuma ujumbe, hana mponyaji, anauliza kama nipo. Nimesoma, sijajibu. Aniombe radhi kwanza, kwa sauti, na wale watatu wawe wanasikia.