Lensi za zamani za kupigia picha mwezi: ipi ununue kwa hela ndogo

Mwezi ukiupiga kwa simu unatoka taa nyeupe tu, ukiupiga kwa ile lensi ya 18-55 inayokuja na kamera unatoka nukta. Kinachokosekana ni urefu wa lensi, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa maana lensi mpya nzuri ya 500mm bei yake unapata pikipiki. Sasa mi nasema hivi, kwa mwezi huhitaji lensi mpya. Hela nyingi kwenye lensi za kisasa unalipia mota ya kufokasi na mfumo wa kutuliza mtikisiko, na vyote viwili hapa havina kazi, kamera iko juu ya stendi, unafokasi kwa mkono, basi. Lensi ya miaka ya 1970 au 1980 yenye kioo safi inatosha kabisa.

Hesabu ya kushika kabla hujatoa hela: milimita za lensi gawanya kwa 110, unapata ukubwa wa mwezi kwenye sensa. 200mm inakupa mwezi wa kama 1.8mm, 300mm inakupa 2.7mm, 500mm inakupa 4.5mm. Kwa kamera ya Canon 600D hiyo 200mm inatoa mwezi wenye upana wa pikseli 420 hivi, 500mm inapita elfu moja, utaona tofauti hata kwenye kioo cha simu.

Halafu angalia kamera uliyonayo, maana yenyewe ndiyo inayokuchagulia. Kamera za kisasa zisizo na kioo ndani, yaani Sony E, Fuji X, Canon RF, Nikon Z, zinakubali karibu lensi zote za zamani kwa adapta ya kawaida, ila kwenye menyu ruhusu kamera ipige bila lensi. DSLR, yaani zile zenye kioo ndani, za Canon zinakubali lensi za zamani zinazofungwa kwa skurubu, M42, kwa pete ya bei chee. DSLR za Nikon ndio kuna kazi, M42 kwa pete ya kawaida lensi nyingi hazifiki kufokasi mbali kabisa, na adapta zenye kioo cha kurekebisha zile za bei rahisi zinaua ukali wa picha. Mtego mwingine ni Canon FD, watu wanaona jina Canon wanadhani itaingia kwenye 600D, haiingii vizuri, tatizo ni lile lile la kutofika kufokasi mbali.

Namba moja kwangu ni Tamron SP 500mm f/8, ile ya vioo (f ni kipimo cha apacha, yaani tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia zaidi). Ndani inatumia vioo vya kuakisi, kwa hiyo ile rangi ya zambarau inayozunguka ukingo wa mwezi huioni, halafu ni fupi na uzito wake ni kama gramu 600 tu. Uzito huo ni jambo kubwa kwetu huku karibu na ikweta, mwezi nusu jua linapozama uko utosini, kamera inabidi iangalie juu moja kwa moja, na stendi ya bei rahisi ikibeba lensi nzito kwa mkao huo kichwa kinateleza pole pole kila ukiachia mkono. Wanailaumu kwamba f/8 yake haibadiliki na taa za nyuma zinatoka kama pete, lakini mwezi hauna kitu nyuma yake. Kontrasti ni hafifu kidogo, unaiongeza kwenye programu ya kuhariri picha kama Snapseed au Lightroom. Na ina mfumo wa Adaptall-2, ukihama kutoka Nikon kwenda Canon unabadilisha kipande cha nyuma tu.

Namba mbili ni 300mm f/4.5. Mwenye Nikon atafute Nikkor, lensi ya Nikon yenyewe, toleo la AI au AI-S, wengine Tair-3 ya Kisovieti iliyotengenezewa Fotosnaiper, ile kamera yenye kitako kama cha bunduki, na muuzaji mwambie atume lensi peke yake, hicho kitako kitakuletea maswali forodhani. Tair ina kilo moja na nusu na zaidi, stendi iwe ngumu. Zambarau itaonekana, funga apacha mpaka f/8 na ugeuze picha nyeusi na nyeupe. Lakini kama unachopenda ni kupatwa kwa mwezi, hii ipande iwe namba moja, maana mwezi ukishaingia kivulini kama usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 unafifia sana, na f/4.5 inaingiza mwanga mara tatu ya f/8.

Namba tatu 200mm f/4, Jupiter-21M, Super-Takumar au Pentacon. Ndio rahisi kuliko zote na mchana utapigia watu picha nzuri sana. Kwa kuanzia haina shida.

Namba nne ni za vioo za Kisovieti, MTO-500, 3M-5A, Rubinar. Moja inakuwa kali na mwenzake anakuwa na ukungu, nunua ukiwa umeona picha zilizopigwa na lensi hiyo hiyo unayouziwa.

Usinunue zile 420-800mm f/8.3-16 mpya za bei ya kutupa, wala ile 500mm nyembamba ndefu kama bomba, wala kiongeza urefu wa lensi cha 2x kisicho na jina. Zinakuza mwezi bila kuongeza kitu cha kuona, kreta zinatoka kama uji.

Ukikabidhiwa lensi, fungua apacha yote, washa tochi ya simu upande wa nyuma, angalia kwa mbele kwa kuinamisha kidogo. Vumbi chache acha. Ukiona nyuzi nyeupe zinatawanyika kama mizizi hiyo ni fangasi, na kwa unyevu wa Mombasa, Dar au Unguja itaendelea kula, rudisha. Zungusha pete ya fokasi mwanzo mpaka mwisho, isikwame wala isiwe na mchezo.

Kupiga: ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 200, f/8, 1/400 ya sekunde kwa mwezi mpevu, mwezi nusu shuka mpaka 1/100 hivi. Kuza kwenye skrini mara kumi ufokasi kwenye mstari unaotenga mwanga na giza, usiamini alama ya lensi, na tumia taima ya sekunde 2. Kreta zinajitokeza zaidi tarehe 7 mpaka 9 za mwezi mwandamo, mpevu vivuli vinapotea. Piga picha nyingi mfululizo uziunganishe na programu ya AutoStakkert, ni bure.

Na ukiagiza nje, weka usafiri na kodi kwenye hesabu mapema, lensi ya Tair ikishapimwa kilo posta, gharama yake yote inaweza kupita bei ya Tamron.